Habari za Nyumbani, Jumamosi Alasiri

Mke wangu aliiita redio yangu mke mwenza. Wageni wakija aliwaonyesha mlango wa kile chumba kidogo cha nyuma, akawaambia wasipige kelele, bibi mdogo amepumzika. Bibi mdogo mwenyewe ni redio ya mawasiliano ya rangi ya kijivu, yenye maikrofoni ya kushika mkononi, ambayo unabonyeza swichi yake ukisema na kuiachia ukisikiliza, na waya mrefu wa antena unaotoka dirishani hadi kwenye nguzo niliyoisimika uani. Nina leseni yake. Nalisema hilo mapema kwa sababu tulipohamia hapa Madale majirani walimwita mjumbe wa mtaa aje aangalie kama mimi ni jasusi. Mjumbe alikunywa chai, akamsikia mtu wa mbali akikohoa kwenye spika, akaondoka ameridhika.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kwa ajili ya huo waya. Tulikuwa tunaishi Temeke, kwao mke wangu, ambako kila baada ya nyumba mbili tatu kulikuwa na shangazi au binamu yake. Mimi pale nilikuwa nasikia kelele za umeme za mtaa mzima kwenye spika, majokofu na feni na mashine za kuchomelea, na watu wa mbali wamezama humo. Nilipostaafu ufundi wa simu nikanunua kiwanja huku mlimani. Alinifuata akinung'unika. "Umenileta porini kwa ajili ya waya," aliniambia, na wiki ya kwanza akaanika kanga zake juu ya waya wenyewe. Nilifoka siku nzima. Nikiikumbuka siku ile naona aibu, maana kanga zilikuwa nne tu na antena haikudhurika.

Kwenye mawimbi mtu hujulikana kwa herufi na namba zake. Kwa hiyo rafiki yangu mkubwa wa miaka yote hiyo sikumwita kwa jina. Ni mzee mstaafu kama mimi, anaishi nchi moja ya baridi huko kaskazini kabisa, anafuga nyuki. Tulikutana kila Jumamosi alasiri, saa ambayo mawimbi kati yetu hufunguka. Watu wengi wa redio wakipatana huambiana wanasikika vipi, hali ya hewa ikoje, wakaagana. Mimi niliona huko ni kukosa adabu. Utaingiaje kwenye mazungumzo ya mtu bila kuuliza nyumbani kwake? Basi nikamfundisha aanze na "Habari za nyumbani?", nami nijibu "Nzuri", ndipo tuendelee na Kiingereza chetu.

Alipouliza tu, mke wangu alipaza sauti kutoka jikoni, ng'ambo ya ukuta: "Baba, mwambie nimemsalimu." Sauti yake ilifika kabla sijatafsiri, na mzee alicheka kule. Mzee alimuulizia magoti yake. Mke wangu naye alitaka kujua kama nyuki wameamka baada ya theluji. Hawakuwahi kuonana, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, lakini walijuliana hali kuliko mimi na wadogo zangu.

Mke wangu alifariki mwaka jana, masika yanaanza. Tulimzika Temeke, kwao. Miezi miwili sikuwasha redio. Watoto walidhani nimeichukia, kumbe nilikuwa naogopa swali moja tu.

Siku nilipoiwasha, mzee alinipata mara moja, sauti imejaa furaha. "Habari za nyumbani?" Nikajibu nzuri. Ndivyo tunavyojibu sisi. Hata turubai la msiba liwe bado limefungwa uani, utasema nzuri kwanza, kisha uvute pumzi useme ila. Nami nikavuta pumzi, nikasema ila, nikamweleza yote, hospitali hadi makaburini. Nilipoachia swichi nimsikie, nikapata mvumo mtupu. Mawimbi yalikuwa yamefunga.

Jumamosi iliyofuata aliuliza magoti ya mama yanaendeleaje. Hapo nikajua kwamba alilipata neno nzuri peke yake. Nami nikamwambia yana nafuu. Sina cha kujitetea. Hapa Madale mke wangu alikuwa amekufa, Temeke alikuwa amekufa, lakini kule kwenye mizinga ya nyuki alikuwa hai bado, anapika, magoti yanamsumbua. Sikutaka kumzika na kule. Jumamosi tatu zaidi nikapokea salamu zake na kujibu kwa niaba yake.

Jumamosi iliyofuatia mzee hakuanza na habari za nyumbani. Alisema taratibu: "Rafiki yangu, sijamsikia mama akipaza sauti. Wiki zote hizi naogopa kuuliza."

Siku hiyo mawimbi yalikuwa safi kabisa, mzee anasikika kama yuko sebuleni. Sikuwa na pa kujificha. Nilimwambia ukweli, na kwamba nilimdanganya, na kwa nini.

Kisha akaniuliza sisi huku humwambiaje mtu aliyefiwa, maana hilo sikuwahi kumfundisha. Basi nikashika maikrofoni, mimi mfiwa, nikamfundisha kusema pole. Mara mbili alikosea. Mara ya tatu akapatia.

Neno lile nilikuwa nimeambiwa na watu wengi sana matangani, na kila mmoja nilimjibu inavyotakiwa, nimeshapoa. Nikabonyeza swichi nimjibu na mzee hivyo hivyo. Sikuweza. Nililia swichi ikiwa bado imebonyezwa, na kule mbali akanisikiliza hadi nilipomaliza.