Bomba Kubwa Lililobaki Alunguli

Vita ilipokaribia Kindu, padri wetu wa zamani aliogopa askari wangeyeyusha mabomba ya kinanda cha kanisa na kuuza bati yake. Akayagawa: kila familia ifiche moja nyumbani. Amani ilipokuja, yakaanza kurudi. Moja lilikuwa limepulizia moto jikoni, jingine limeteremsha maji ya mvua kutoka paani. Bomba kubwa kuliko yote, lenye sauti nzito, halikurudi.

Mimi ndiye mpiga kinanda. Miaka yote hiyo nilipiga nyimbo zenye pengo, nikimshukuru Mungu kwa sauti zilizobaki. Mwaka huu akapatikana fundi, akafunika upya mivukuto kwa ngozi ya mbuzi. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Mzee, bomba lile lisipopatikana leo, basi tena."

Nikavuka mto hadi Alunguli, kwa mjane mmoja anayesali kuliko mimi, ambaye familia yake ndiyo iliyopewa bomba hilo. Nyuma ya nyumba yake bomba lilitoka kwenye pipa lililo motoni, mdomo wake wa ubavuni umezibwa kwa ugali wa muhogo, likidondosha lotoko, pombe kali ya mahindi na muhogo, kwenye chupa.

"Mama, hiyo ni mali ya Mungu."

"Mungu anajua fasi iko, Papa. Hajaiulizia."

"Ni ya ibada."

"Na vidonda vya wakati wa vita, padri aliviosha na nini? Maji ya baraka? Bwana yangu alikufa mapema. Hii tiyo," alisema akilionyesha bomba, "njo ililea watoto."

Nikalipima bomba kwa macho. "Nikikuletea tiyo ingine?"

"Leta kwanza."

Padri wetu wa sasa, kijana mpole, alinisikiliza huku akitazama dari. Akaingia sakristia, akatoka na mpini wa zamani wa msalaba wa maandamano: shaba, tupu ndani.

"Msalaba wenyewe unabaki hapa," alisema. "Na usiniambie huo unaupeleka wapi."

Mjane alichungulia ndani ya mpini, akaupuliza. "Huu ulibarikiwa?"

"Sana."

"Basi itatoka nzuri."

Fundi alilisugua bomba kwa sabuni mpaka akachoka. Jumapili nilipoligusa, lilinguruma kama mzee aliyeamshwa mapema, na pumzi yake ikajaza kanisa harufu ya lotoko. Mjane, benchi la mbele, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Tulipofika Amina, waimbaji wangu wa sauti nzito, ambao huchelewa kila wiki, walikuwa wamesogea mpaka wananigusa viwiko.