Samaki Wangu Mia Mbili na Kisomo cha Alhamisi

Nilimwita shehe nyumbani kwangu aje amsomee halbadiri mtu aliyeua samaki wangu.

Watu thelathini na kitu wamekaa kwenye mikeka, pilau iko jikoni, kitabu kishafunguliwa. Mie mwenye shauri nikanyoosha mkono nikasema tuache.

Wote walidhani nina roho nzuri.

Wakuu, nivumilieni. Hii habari ina miezi saba sasa, na bado nikiikumbuka nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu chooni.

Naitwa Faraji, nakaa Chamazi, kazi yangu ni fundi friji. Nyuma ya nyumba nilijenga bwawa la tofali, hatua sita kwa nne, nifuge sato. Mke wangu Raudha alikuwa na mimba, tukakubaliana wale samaki ndio watakaotubeba akishajifungua.

Vifaranga nilivifuata Goba kwa jamaa anaitwa Sebastian. Sasa huyu Sebastian ana mambo yake. Hakuuzii kifaranga hata kimoja mpaka umuonyeshe vifaa vya kutunzia bwawa.

"Braza, samaki kufa kwa njaa ni nadra," aliniambia. "Wanakufa kwa sababu mwenye bwawa hana vifaa, anaanza kukimbizana navyo siku mambo yameshaharibika."

Akaniandikia orodha kwenye karatasi ya mfuko wa chakula cha samaki. Chokaa ya kilimo. Chumvi ya mawe. Karatasi za kupimia maji. Kipima joto. Kinyavu cha mpini. Kipampu cha hewa. Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni. Na wavu wa kufunika bwawa, maana Chamazi kunguru wetu mnawajua.

Nilizunguka jamani. Chumvi nikachukua Tandika, kipampu nikakifuata Kariakoo, ndoo Manzese kwa shemeji yangu. Chokaa nilikaribia kuuziwa ya kupaka ukuta, nikashtuka mwenyewe, nikaenda duka la pembejeo. Hapo nilijiona mtaalamu kabisa.

Vitu vyote nikavipanga kwenye tranka langu la zamani la bweni. Nikapiga picha nikamrushia Sebastian, nikaiweka na kwenye status. Nilijimwambafai vya kutosha.

Sebastian akajibu: "Safi. Wavu wa kufunika uko wapi?"

Wavu sikuwa nao. Nilishachoka kuzunguka. Nikamwandikia: "Upo, umebaki nyumbani."

Akanipa vifaranga.

Walikaa wiki sita, wakawa wanene, ukipita wanakufuata wakidhani umeleta chakula. Kunguru nao wakaanza kazi. Leo mmoja, kesho wawili. Jumapili moja nikapandwa na hasira, nikaingia ndani, nikafungua kabati. Mle kulikuwa na chandarua kipya alichopewa Raudha kliniki, bado kiko kwenye mfuko wake.

Nilipokitoa kilinuka dawa. Nikasema harufu hii isije ikawakera samaki kutwa nzima. Basi nikakitumbukiza bwawani, nikakikamua vizuri, nikakitumbukiza tena. Mara nne. Halafu nikakifunga juu ya bwawa, katikati kikalegea kikagusa maji.

Raudha akatoka na beseni la nguo.

"Faraji, hicho si chandarua changu?"

"Nitakutafutia kingine."

"Kina dawa hicho."

"Dawa ya mbu. Samaki ni mbu? Mtoto mchanga analala humo ndani, samaki atashindwaje?"

Akanitazama, akaendelea kuanika nguo.

Jumatatu asubuhi sato mia mbili walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mmoja alikuwa bado anahema, akafia mkononi kwangu. Nililia, sitaki kuwadanganya.

Na kichwani lilikuja jina moja tu. Marijani.

Kaka Marijani ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kanizidi miaka kama kumi na tano. Kazi yake kupulizia dawa kwenye nyumba za watu: mende, kunguni, mchwa. Anapitaga na pampu yake mgongoni, kila mtu anamjua. Kazi ile haina ofisi wala bango. Inategemea watu wamwamini tu, wamwachie funguo na vyumba vya kulala, watoke na watoto wao warudi jioni walale.

Wiki moja kabla alikuwa ameniambia, tena kiroho safi, "Mdogo wangu, bwawa lako linazalisha mbu." Na ile Jumapili watu walimuona anaosha pampu yake kwenye koki iliyo jirani na ukuta wangu.

Nikaona ushahidi umeshatimia. Nilitoka barabarani na msuli wangu wa kulalia, nimeshika ndoo ya samaki waliokufa. Nikasema kwa sauti kila mtu asikie.

"Mtaa huu mwenye sumu ni mmoja tu."

Marijani akatoka. Hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, dawa yangu naijua. Bwawa lako sijaligusa."

"Tutaona. Alhamisi nasoma halbadiri. Aliyefanya itamrudia, yeye na kizazi chake."

Mnaoijua halbadiri mnajua mtaa ulivyonyamaza. Yule anayeapizwa humuoni wala humtaji, kisomo chenyewe kinamtafuta alipo. Nikaenda kwa Ustadh Ismail, akakubali kwa shingo upande.

Jumatano mchana Sebastian akapiga. Alikuwa ameona picha za bwawa na samaki waliokufa nilizomtumia Jumatatu.

"Pole sana aisee. Ila nikuulize, huo wavu wa bluu uliofunika ni wavu gani?"

"Chandarua tu, cha kliniki."

"Kimegusa maji?"

"Nilikisuuza humo humo."



"Braza, usitafute mchawi. Ile dawa haimdhuru mtu anayelala ndani, ila samaki inamuua. Si uliniambia wavu unao?"

Nikakata simu. Nikakaa juu ya tranka langu la vifaa.

Hapa ndipo nilipaswa kuinuka. Kutoka kwangu hadi mlangoni kwa Marijani ni hatua ishirini. Ningebisha hodi, nikasema kaka, nimekosea, nisamehe. Angenisema, mtaa ungenicheka wiki nzima, basi.

Nilikula jiwe, sikwenda. Niliwaza mchele umeshanunuliwa, watu wameshaalikwa, na mie ndiye niliyesimama barabarani na msuli. Raudha aliponiuliza Sebastian kasemaje nikamwambia, "Kasema maji."

Alhamisi baada ya alasiri watu walijaa. Na wa kwanza kufika, kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, alikuwa Marijani. Alikaa mbele kabisa, uso kwa uso na mie. Mtu mwenye moyo safi haogopi kisomo.

Ustadh Ismail akafungua kitabu, akanigeukia.

"Faraji, hili si jambo la mchezo. Kikishasomwa hakirudi. Una uhakika?"

Nikamuona Raudha amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo. Yeye na kizazi chake, si nilisema mwenyewe? Na niseme ukweli wote leo: sikumuonea huruma Marijani pale. Nilijiogopea mie na mwanangu.

Nikanyoosha mkono.

"Ustadh, tuache. Nimemsamehe. Aliyefanya anajijua. Mie nimemwachia Mungu."

Watu wakasema mashaallah. Mzee mmoja akanikumbatia, akasema vijana wa siku hizi wenye subira kama yangu hawapo. Ustadh akafunga kitabu, akaniombea dua ndefu.

Na macho yote yakamgeukia Marijani. Aliyefanya anajijua. Nani mwingine?

Yeye aliinuka, akavaa makubadhi, akaondoka bila kuonja pilau. Nyuma yake nikasikia mtu ananong'ona, "Angekuwa msafi angekula."

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Mwenye nyumba ya wapangaji kule mtaa wa pili, aliyekuwa anamwita Marijani kila baada ya miezi mitatu, akaleta mtu mwingine kutoka Temeke. Kina mama waliacha kumpa funguo. Mmoja alisema mbele yangu dukani, "Aliyeweza samaki atashindwa mtoto?" Nikanunua vocha yangu nikaondoka.

Asubuhi nikienda kazini namkuta kakaa barazani, pampu kaiegemeza ukutani, anasubiri simu. Nikipita tunasalimiana. Msikitini mie napewa nafasi ya mbele. Wiki tatu nilikaa hivyo, nazuga, nakula, nalala.

Jumapili ya nne, saa kumi jioni, nikasikia hodi. Marijani. Nikajua kaja kunishukia, na nilikuwa nimeshajiandaa kukana.

Akakaa kwenye kochi, akaweka mikono magotini.

"Mdogo wangu, nimekuja kukushukuru."

Sikuelewa.

"Siku ya kisomo nilikuja kifua mbele," akasema. "Nilijua sijafanya. Ila uliposema umesamehe nikarudi nyumbani nikafikiri. Mtu hasamehe hivihivi mbele ya watu, lazima ana hakika. Nikakumbuka ile Jumapili nilioshea pampu pale kwenye koki. Maji yalitiririka kuja upande wako. Si bure, yalipenya. Ni mie niliyewaua. Si kwa kusudi, lakini ni mie."

"Kaka Marijani..."

"Acha nimalize. Ungeweza kunipeleka polisi, ungeweza kuniapiza. Umenisitiri. Na pampu nimeiuza jana. Zile simu chache zilizobaki nimezikataa. Miaka kumi na tisa nimeingia vyumba vya watu, sasa najiuliza nani mwingine nimemdhuru bila kujua."

Akaniangalia, macho yamejaa machozi.

"Nisamehe, Faraji."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima, kaka yangu, ananiomba radhi ndani ya nyumba yangu kwa kosa langu. Na kuna sekunde moja, namwogopa Mungu siifichi, ambapo mdomo wangu ulianza kusema yameisha.

Neno sikulimaliza. Nikashuka kwenye kiti nikapiga magoti.

Nikamwambia yote. Chandarua, kukikamua mara nne, simu ya Sebastian. Raudha alikuwa amesimama kwenye pazia la chumbani, akasikia kila neno.

Marijani hakuuliza habari za samaki. Aliuliza swali moja tu.

"Siku ya kisomo, nilipokaa mbele yako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akainuka.

"Ulinisamehe mbele za watu. Kawaambie haohao, palepale."

Alhamisi iliyofuata nikatandika mikeka tena. Safari hii bila pilau, na walikuja nusu yao. Nikasimama nikaeleza yote, huku Ustadh Ismail ameinamisha kichwa. Mwanzoni mtu mmoja alicheka niliposimulia jinsi nilivyokikamua chandarua. Nilipofika pale nilipojua na bado nikasema aliyefanya anajijua, hakuna aliyecheka. Walitoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Marijani hakuja.

Nilimnunulia pampu mpya. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Wateja kadhaa walimrudia wenyewe, wakambembeleza. Anawaambia watafute kijana. Sasa hivi analinda ghala moja Mbagala, na ile pampu iko barazani kwake na karatasi yake ya dukani. Nilipomwambia kaka, sasa si unajua hukuwa wewe, akanijibu, "Najua. Lakini zile wiki tatu niliamini."

Raudha alijifungua mtoto wa kike, tunashukuru. Bwawa nimelikausha.

Wanaofuga, chandarua chenye dawa kisisogee kwenye maji yenu, na mtaalamu akikuuliza kama kifaa unacho, mjibu ukweli. Hilo ni la samaki.

La kwangu ni hili. Ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Mie kutoka Jumatano kwenda Alhamisi nilichelewa siku moja tu, na nilichokiua baada ya hapo hakikuwa samaki.