Meno Sita Aliyoongezewa Nyanya

Mwalimu wangu wa sanaa alinifundisha kumchora mtu, na mpaka leo sijamsamehe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, katika shule ya kutwa mjini Kisumu. Aliandika ubaoni kwamba urefu wa mtu aliyesimama ni sawa na vichwa vyake saba na nusu, akatuonyesha namna ya kunyoosha mkono, kufumba jicho moja na kupima kwa penseli. Hilo alilifundisha vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kisha akatupa kazi ya likizo: kila mmoja amchore mtu wa kwao, mwili mzima.

Nilimchora nyanya, mama yake baba, nyumbani kwake Nyamasaria. Alikaa mkekani akichambua omena, dagaa wa ziwani, miguu ameinyoosha mbele kama walivyokaa wanawake wote wa rika lake. Vichwa saba na nusu vikafa palepale. Nyayo zake zilinielekea, pana, zimepasuka, kubwa kuliko uso wake, na kila nilipozipunguza zifanane na za kitabuni alionekana mtoto. Nilifuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Siku ya nne nikakubali kuchora ninachoona, na nyanya akatokea.

Akachungulia, akacheka. Akicheka lilionekana pengo la meno sita ya chini, aliyong'olewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi yetu Wajaluo zamani. Hakuwahi kuliziba kwa mkono.

"Nyakwara," aliniita, yaani mjukuu wangu, "nichore nikicheka hivi. Mkinizika, muiweke hii mbele ya jeneza. Picha ya kitambulisho imefutika, nimekuwa moshi."

Nikamchora akicheka, nikamwahidi. Likizo ikaisha, nikampelekea mwalimu kazi yake.

Aliirudisha baada ya wiki mbili. Alama kumi na nane kwa ishirini. Na mdomoni mwa nyanya, kwa kalamu nyeusi ya wino, alikuwa amepanga meno sita madogo, yamenyooka, safi.

"Mwalimu, nyanya yangu hana hayo meno."

"Najua," alisema, bila hata kuinua kichwa. "Lakini siku ya wazazi wageni watakuja, na hii nitaweka kwa ukuta. Unataka waseme sisi ni washamba? Mimi nimekusaidia tu."

Anajua! Hilo ndilo linaloniunguza. Angekuwa mtu wa mbali asiyejua, ningemeza. Lakini mama yake mwenyewe aliuza mboga Kondele, nilinunua sukuma kwake kila Jumamosi, na pengo lake lilikuwa lilelile. Mtu alilelewa na kuchekewa na mdomo ule, kisha akauonea haya mbele ya wageni, na haya yake akaja kuimwaga kwenye karatasi yangu. Eti msaada.

Picha ilipotolewa ukutani nilijaribu kukwangua wino kwa wembe. Karatasi ikaanza kutoboka, nikaacha. Nyanya alipouliza, nilimdanganya kwamba mwalimu bado anayo. Nilijiambia nitamchora upya likizo ijayo, halafu ile nyingine. Likizo hizo nilizipoteza mwenyewe kwa upumbavu wangu. Alikufa nikiwa kidato cha nne, kabla ya mtihani.

Baba mdogo aliikuta ile karatasi kwenye sanduku langu la shule. Aliitia fremu bila kuniuliza, na siku ya mazishi ikawekwa mbele ya jeneza. Watu wakapita, wakaitazama, wakasifu mkono wangu. Kisha akaja rafiki wa nyanya wa tangu ujana, bibi mwenye pengo kama lake. Akasimama. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya yale meno.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Nilikuwa karibu naye kabisa, nikageuka kuwapangia wageni viti.

Nimechora watu wengi tangu siku ile. Nyayo naziweza, magoti nayaweza, hata vidole vinavyowashinda wengine. Lakini kila nikikaa kumchora nyanya kwa kumbukumbu, akicheka kama alivyoniomba, mkono wangu hufika mdomoni mwake ukaanza kupanga meno.