Karamu za Kuaga za Kocha Tahlil

Tahlil Korane aliendesha basi Stratford Road mchana, na jioni alikuwa kocha wa timu ya mpira ya chuo kimoja pale Sparkhill, mtaa wa jiji moja la ughaibuni. Kwa ukocha hakulipwa chochote, ndiyo maana aliufanya kwa ukali wote aliojaliwa. "Wewe Hamse, hiyo ni mikono ama ni ungo?" Hivyo ndivyo alivyomsalimia kipa wake.

Lakini mchezaji akihama chuo, Tahlil aligeuka mtu mwingine kabisa. Kwao Garissa mgeni hasindikizwi mikono mitupu. Mkewe Barwako alipika mbuzi na wali, vijana wakaketi sebuleni, naye akasimama kummwagia sifa anayeondoka: ana mbio, ana adabu, wazazi wake hawakupata hasara. Kisha ikafuata dua. Kusema kweli, wengi wetu hatusifiwi hivyo mpaka tufe.

Msimu ule wa 2018 wachezaji wakaanza kupukutika. Beki wa kulia aliacha uhasibu akaenda chuo cha Longbridge kusomea ufundi wa mabomba, yeye ambaye kwao bomba likivuja aliita dada yake. Winga akahama, akarudi, akahama tena. Mara ya pili aliomba kabisa apikiwe mbavu.

Tahlil akampigia simu Gustave, Mkongo aliyekuwa kocha wa Longbridge, akamwita mwizi wa wachezaji.

"Mimi sibaite, kaka," Gustave akalalamika. "Banakuya beenyewe. Na huku banashinda banasema kwako ni muzuri!"

Wakabaki saba. Ligi ilishasema wazi: Jumatano, dhidi ya Longbridge uwanjani Perry Barr, wakiwa chini ya saba timu inafutwa. Tahlil hakuwa na kingine cha kujivunia mjini humo.

Jumatatu jioni Hamse akabisha hodi. "Samahani, Coach. Nimedecide kuleave."

Tahlil akamvuta ndani. "Unaenda chuo gani?"

"Sijajua bado."

"Mtu anahama bila kujua anakoenda?"

Hamse akachungulia jikoni, akainamisha kichwa. "Wote umewasema vizuri, Coach. Mimi three years niko hapa, sijawahi kusikia yangu."

Barwako akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba Ifrah, si nilikuambia? Hapa kwako mtu asipoondoka hapendwi."

Tahlil alitaka kugomba, akaacha. Aibu ilimshika, aibu ya kweli. Akamkalisha kijana, akasimama katikati ya sebule, akamsifu mwanzo hadi mwisho: alivyokuja mazoezini kwenye theluji, alivyowabebea wenzake maji, mikono yake isiyoogopa mpira.

"Rudia kidogo pale kwa mikono," Hamse akasema.

Jumatano wakaingia saba kamili, wakapigwa tisa bila. Kila bao lilipoingia Tahlil alipaza sauti pembeni ya uwanja: "Mashallah, Hamse! Mikono hiyo! Wazazi wako hawakupata hasara!" Mwamuzi alimtazama kwa wasiwasi. Hamse aliokota mipira wavuni akitabasamu. Na yule winga, sasa mchezaji wa Longbridge, akasimama na mpira mguuni mbele ya lango tupu, akisikiliza sifa zile, mpaka beki akaja akamnyang'anya.