Ukucha wa Fundi

Fundi yule hupima mwanya wa plagi kwa ukucha wa kidole gumba, kisha huipuliza plagi kama anayepoza chai. Jana alipima hivyohivyo plagi za gari kuukuu la shemeji yake, aliyeapa kuliuza kama chuma chakavu lisipowaka siku hiyo.

"Shemeji, nimefunga koili mpya, ina umeme mkali. Panua mwanya cheche ipate nafasi," akasema mwenye gari.

"Nilikuwa nafunga plagi wewe ukinyonya!" fundi akafoka, akazifunga vilevile.

Gari likakohoa, likazima. Basi fundi akachomoa waya wa plagi, akaushika kwa mkono mtupu kusikilizia umeme, kama alivyozoea kwenye magari ya zamani. "Piga stata!"

Lo! Umeme ukamrusha mpaka juu ya rundo la matairi, kofia ikabaki hewani ikimtafuta mwenyewe. Masharubu wima, macho kama taa za lori.

"Nimemuua kaka wa mke wangu!" akalia shemeji.

Fundi akanong'ona, "Shemeji... panua wewe. Mimi ukucha wangu siuamini tena."

Mwanya ukapanuliwa. Gari likawaka, likatulia tuli; aliyeendelea kutetemeka ni fundi.