Nilifunga Kavu Kabla ya Mahojiano

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, na siku hizi hasira zangu nyingi ni juu yangu mwenyewe. Nilikuja London kufanya kazi ya kutunza wazee, lakini shabaha yangu ilikuwa uuguzi. Kila nilipomwogesha au kumlisha mzee kule Thamesmead nilijiambia kwamba hapa napita tu. Halafu chuo kimoja kikaniita kwa mahojiano.

Kikundi chetu cha maombi, Wakenya watupu, kilikutana Jumamosi sebuleni kwa mmoja wetu, viatu vimerundikana mlangoni, chai inachemka jikoni. Kwetu mtu mwenye jambo kubwa hufunga. Wapo wanaofunga huku wakinywa maji, na wapo wanaofunga kavu, bila hata tone la maji. Hao wa kavu ndio tunaowaheshimu, ingawa hakuna anayelisema hilo waziwazi. Nikatangaza kwamba nafunga kavu. Mama mchungaji akanitazama juu ya miwani.

"Funga, mwanangu, lakini asubuhi ya mahojiano unywe uji. Unaenda kuongea na watu."

Niliitikia amina, na uji sikunywa. Nilijiona shujaa, kumbe nilikuwa naogopa. Chuo kilikuwa kimenitumia karatasi za kujiandaa, na kila nilipozishika niliziweka chini na kupiga magoti. Kuomba kulikuwa rahisi kuliko kusoma, na nani angenilaumu kwa kuomba?

Siku yenyewe nilipanda basi huku kichwa kinanizunguka. Nilikuta watu wawili, mwanamke na mwanamume, wapole kabisa. Mwanamke akauliza: mzee amekataa kula tangu jana, utafanya nini? Jamani! Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kila siku. Ningemweleza habari ya kuangalia kama meno yanamuuma, kumbadilishia chakula, kumwita nesi, kuketi naye badala ya kumsimamia kama askari jela. Lakini mdomo ulikuwa umekauka na akili imelala.

"Nitamwombea," nikasema.

Akangoja. "Na baada ya hapo?"

Nikalamba midomo iliyokauka. Mwanamume akanisogezea glasi ya maji. Nami, kwa kiburi changu, nikaikataa kwa sababu nimefunga.

Hawakunichukua. Wenzangu wa kikundi walinikumbatia wakasema wakati wa Mungu haujafika, na maneno hayo yakanituliza mno. Kila mwaka vyuo vilipofungua nafasi, nilisema bado nangoja. Wawili kati yetu walikataliwa kama mimi, wakalia, wakajaribu tena, na leo ni manesi. Kwenye sherehe zao niliimba kuliko wote, kisha nikarudi kwangu nikajifungia bafuni kulia. Sikuwaonea wivu tu. Niliwachukia kidogo, Mungu anisamehe.

Sasa magoti yananiuma nikipanda ngazi, na bado nawalisha wazee wa watu. Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili changu anakielewa vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Juzi alikuwa anajiandaa kwa mahojiano yake ya chuo, mkate na mayai mbele yake, akaniuliza, maana kisa changu anakijua, kwa nini mimi sikurudi tena kujaribu. Nikamwambia nilimwachia Mungu wakati wake. Akatafuna kidogo, akifikiri.

"Kwani aliyekukatalia ni Mungu, Mama, au ni wale watu wawili?"

Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Namwamini Mungu bado, pengine kuliko zamani, na ndiyo maana swali lile linaniuma hadi leo. Nimejaribu kukumbuka ni lini Yeye aliniambia hapana. Hakuniambia hata mara moja. Nilimsingizia.