Mwanamkasi Apanda Treni Mwenyewe

Jomvu Kuu nzima yajua kuwa Mwanamkasi ana mkono mwepesi wa kupaka hina. Maua yake hayafanani, na maneno yake humchekesha bi harusi hadi asahau hofu. Miguu yake haikupata nguvu tangu utotoni. Kiti cha magurudumu alikwisha kukizoea. Kilichomuudhi ni treni.

Wateja wake wengi wako kisiwani, naye hupandia treni Changamwe. Jukwaa la stesheni lilikuwa chini na mlango wa behewa uko juu, katikati ngazi za chuma. Kila safari ilibidi abebwe na wanaume, huyu kashika kwapa, yule kashika magoti, buibui linapanda, naye kafumba macho kwa haya. Mwishowe akawa akikataa kazi. "Waambie naumwa," humwambia nduguye, Zuleikha.

Kisha majukwaa yakajengwa upya, la Changamwe na la kisiwani. Siku moja Zuleikha alirudi kutoka mjini akihema.

"Dada, jukwaa limeinuliwa! Limelingana na sakafu ya treni. Nimeingia kama naingia chumbani."

"Wallahi?"

"Twende ukajionee."

Harusi ya kwanza iliyotokea, wakaenda. Treni iliposimama, Lewa, mchukuzi aliyezoea kumbeba, alikuja mbio akikunja mikono ya shati.

"Tayari, dada?"

"Leo usiniguse, Lewa. Ahsante."

Mwanamkasi alishika magurudumu, akajisukuma mbele. Kati ya jukwaa na mlango palikuwa na upenyo mwembamba tu. Kiti kikatikisika kidogo, mara yumo ndani, buibui lake limetulia pale pale alipolitandaza.

Akageuza kiti, akatoka tena.

"Umesahau nini?" Zuleikha akashtuka.

"Sijasahau kitu. Nataka kuingia mara ya pili!"

Abiria wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kikapu akapiga vigelegele, na mzee wa mkongojo aliyekuwa nyuma yake akaingia taratibu bila kuomba mkono wa mtu. Lewa ndiye aliyecheka kuwashinda wote. "Hata mgongo wangu washukuru!" akasema.

Kwa bi harusi, Mwanamkasi alisimulia yote kabla hata hajafungua hina.

Juma lililofuata alikubali kazi mbili, akaenda peke yake. Zuleikha alinuna mlangoni, maana pilau ya harusi ndiyo iliyokuwa malipo yake.

"Nitakuletea," Mwanamkasi alimwambia, tayari anausukuma mlango.

"Na nyama iwe nyingi!"